Kikombe Kimoja cha Maziwa

Mnyororo wa mlango ulilia gizani. Uwineza alifungua, akamkuta jirani mpya, mkimbizi wa kabila jingine la kwao, theluji mabegani. "Nimesikia munaomba, dada. Naweza ingia?"

Ndani, wanawake wa kwao Kivu walikuwa wamemaliza maombi ya alfajiri. Kikombe cha maziwa kilizunguka mkono kwa mkono, kama ilivyo desturi.

Mama mkwe alimsogezea Uwineza kikombe cha plastiki. "Bon, huyu umupe yake," alinong'ona. "Watu yake ndio walichoma nyumba zetu. Umesahau?"

Hakusahau. Lakini jana, katika shule ya jioni, walisoma habari za wanatheolojia waliopinga ubaguzi wa rangi katika nchi hii iliyowapokea. Walifukuzwa makanisani, wakatukanwa na ndugu zao, na bado wakakataa meza ya Bwana igawanywe. Aliwapenda mno. Kuwapenda kitabuni kulikuwa rahisi.

Alikirudisha kile cha plastiki kabatini, akampa mgeni kikombe chao.

Mgeni alikunywa kwa mikono miwili, akakirudisha. Ukingoni ilibaki alama ya midomo yake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Binti mdogo wa Uwineza alijipenyeza katikati yao.

"Mama, sasa ni zamu yangu."