Ugonjwa Usiotajwa

Tangu itangazwe kwamba Ukimwi umekwisha, mashine za hospitali za kupima wagonjwa zilikatazwa kutaja ugonjwa wowote unaoandamana nao. Lusekelo aliumwa kichwa wiki tatu, na mashine ikasema ni uchovu tu.

Mkewe, Nyamizi, alimwita nesi mstaafu wa jirani, ambaye alimpima Lusekelo damu kwa kipimo cha zamani.

"Ni fangasi, mwanangu, wale wanaoandamana na Ukimwi. Wameingia kwenye ubongo. Wahi dawa hospitali."

Nyamizi alikibwaga kipimo mbele ya karani wa hospitali. "Nesi amewaona fangasi!"

"Mama, huo ugonjwa haupo."

"Haupo? Mume wangu hanitambui, halafu unaniambia haupo? Sitoki hapa bila dawa!"

Karani aliita askari. Walipokuwa wakimkokota nje, mwanamke mmoja kwenye foleni alimshika mkono akamnong'oneza, "Dada, huyo nesi anakaa wapi? Mwanangu naye kichwa kinamuuma."