Viti Vitatu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Aprili, saa tatu na robo asubuhi, Raushan alipoanza kutokwa damu na mimba ikiwa ya miezi saba.

Hospitali ilikuwa kilomita mia na sitini, njia yote matope ya theluji. Dosbol, mumewe, mfuga farasi, hakuelekea huko. Alijua kile chombo cha wanaanga kinashuka nyikani leo kutoka kituo cha angani, na kinaposhuka wakubwa huleta madaktari. Akamlaza mkewe kiti cha nyuma cha gari, akakata nyika.

Akazikuta helikopta nne. Askari wakamzuia kwenye kamba.

"Mke wangu ananifia, mwanangu. Nipe daktari mmoja tu."

"Mzee, hapa si zahanati," alisema kapteni wao, mdomo umejaa mkate.

Daktari mmoja, mwanamke mwenye begi jekundu, alishasikia. "Afande, dakika kumi tu."

"Wewe, rudi! Karatasi inasema kila kiti na daktari wake. Viti vitatu, madaktari watatu. Chombo kikitua nawe hupo, nani atatia sahihi? Mimi?"

Yule daktari akarudi mahali pake, macho chini.

Miaka mingine Dosbol alikuwa akiona machela na mablanketi ya wanaanga yakipangwa majanini. Leo hakuyaona. Uzembe wao tu, alijisemea.

"Wamekubali?" Raushan aliuliza kutoka garini. Midomo ilikuwa myeupe.

"Wanakuja, mpenzi. Wanavaa glavu."

Mwavuli mkubwa ukafunguka juu, mweupe na rangi ya chungwa. Chombo kikagonga ardhi, matope yakaruka, watu wote wakakimbilia kule. Dosbol akabaki ameushika mkono wa mkewe. Walipokuwa bado wanafungua mlango wa chombo, mkono ukapoa.

Akaruka kamba. Hakuna aliyemzuia. Alitaka awaone kwa macho yake hao watatu waliolindwa hivyo. Akamsukuma kapteni, akaingiza kichwa mlangoni.

Viti vitatu. Kwenye kila kimoja, mfuko wa takataka umefungwa mkanda.

"Kiliharibika huko juu, mzee," kapteni alisema, sauti imeshuka. "Tangu Februari wakubwa waliamua kirudi bila watu."

Nyuma yake, madaktari watatu walikuwa wakitia sahihi karatasi, kila mmoja kwa kiti chake.

"Sasa mwanangu," Dosbol aliuliza, "hawa madaktari mlimwekea nani?"