Sahani Isiyotikiswa

Kila asubuhi Daktari Mwinyikai aliitikisa sahani ya majaribio ya Tunu, msaidizi wake, aone iwapo viputo vya mafuta vilivyomo majini, vidogo visivyoonekana kwa macho, vimeshikana vyenyewe vikawa utando wa kufunika vidonda. Kila asubuhi alikuta maji.

Safari hii Tunu alikuwa ameifungia sahani kabatini siku tatu kabla ya kuitoa.

"Unanificha kitu ndani ya maabara yangu?"

"Ukivitikisa unavitawanya, Daktari. Nilikuambia tangu mwanzo."

"Fungasha vitu vyako."

Daktari aliinyakua sahani, akaiinamisha juu ya sinki. Maji yakamwagika yote. Utando mweupe ukabaki ukining'inia ukingoni, ukirefuka bila kukatika.

Tunu hakunyoosha mkono kuupokea. Daktari naye hakuthubutu kuutikisa mkono wake ulioshika sahani.