Kilo za Swala

Mbio za mtandaoni zilipoisha, Swala alishuka kwenye baiskeli iliyofungwa sebuleni, jasho likimchuruzika. Kwenye skrini jina lake lilikuwa juu kabisa. La mdogo wake, aliyekuwa akinyonga baiskeli ya pili pembeni yake, lilikuwa mbali chini.

"Milimani unaniacha, kaka," mdogo wake alisema, akihema. "Subiri nipungue nifikie kilo zako. Utanikoma."

Chakula cha mchana cha mdogo wake kilikuwa bado mezani, hakijaguswa. Fulana ilimning'inia mabegani kama imeanikwa.

Kilo hizo Swala alizibuni mwenyewe. Programu huamini uzito wowote unaouandika, na mtu mwepesi humpandisha mlima upesi. Alijipunguza kwa kidole tu.

Mdogo wake akavuta mizani kutoka chini ya kochi. "Hebu panda, nijue nimebakiza ngapi."

Swala aliinua mguu, kisha akaurudisha sakafuni.

"Mizani hiyo mbovu," alisema. "Haisemi kweli."

Mdogo wake alijitazama tumbo, akaisukuma sahani upande wa pili wa meza.

"Kumbe huenda nimezidi hata kilo inazonionyesha. Kula wewe, kaka."