Namba Iliyopanda

Matanga yalipoanuliwa pale Itumba, shemeji alikuja kuchukua kompyuta ya marehemu kaka yake. Tumpale, mjane, aliiwasha kwa mara ya mwisho.

Programu aliyoiandika mumewe ikafunguka, na namba za vipimo vya ndani ya kompyuta zikajaa kwenye kioo. Waliounda mashine ile hawakumwambia mtu namba ipi ni ya joto, kwa hiyo mumewe, alipokuwa hai, aliisaka kwa kiganja cha mkewe: "Weka mkono hapa, kama unampima mtoto homa, nione ipi itapanda."

Sasa Tumpale akauweka mkono palepale, juu ya kompyuta. Namba moja ikapanda taratibu. Kando yake, mahali ambapo mwingine angeandika joto, mumewe alikuwa ameandika: Tumpale.

"Shemeji, betri inaisha. Niizime?"

"Iache." Hakuinua kiganja. "Kaka yako alizimika sijamshika mkono."