Ndege wa Sahani Nyekundu

Tangu Shuweha aivunje sahani ya kioo chekundu ya marehemu mama mkwe, wifi yake Ruzuna hakuwa amemsemesha zaidi ya salamu. Leo alikuja mwenyewe, vipande amevifunga kwenye leso, na mkononi ana kalamu ya kukatia vioo na chuma cha kulehemu alichoazima kwa fundi redio.

“Wifi, tutengeneze ndege wa kutundika dirishani. Mimi kazi hii siijui, na wewe huijui. Haya, kata.”

Shuweha alipitisha kalamu juu ya kioo. Kioo kikaachana palepale penye mstari. Ruzuna akapiga kigelegele mpaka majirani wakauliza nani kaolewa.

Wakavizungushia vipande utepe wa shaba, wakaviunga kwa lehemu vikawa ndege. Lehemu ilipopoa wakamtundika kwa pupa, na hapo ndipo walipoona kwamba kitanzi wamekiunga mkiani. Ndege alining’inia kichwa chini.

“Nimeharibu tena,” alisema Shuweha.

Ruzuna alimtazama ndege, kisha akamtazama wifi yake. “Ana kiu tu huyu.”

Akaleta bakuli la maji, akalisogezasogeza sakafuni mpaka wekundu wa sahani ya mama ukaangukia majini, ukaanza kucheza.