Mtihani wa Mapendeleo

Aliyefeli mtihani wa mapendeleo, yaani aliyependa vitu kwa kuzunguka, hiki kuliko kile kisha kile kuliko hiki, alipokonywa haki ya kuchagua, na mashine ya nyumbani kwake ikamchagulia maisha yote. Sabiha, mwanafunzi wa uzamili wa uchumi, alikuwa akimwandaa mama yake, Bi Mwanakombo, kwa mtihani huo.

“Mama, umesema chai unaipenda kuliko kahawa, na kahawa kuliko uji. Mbona sasa unachagua uji ukaacha chai?”

“We mtoto! Uji nanywa ukija wewe, maana ndio unaoupenda.”

“Nadharia haiulizi nani kaja, mama. Sema chai.”

“Haya. Chai.”

Bi Mwanakombo alifaulu. Jumapili Sabiha alipobisha hodi, alimkuta mezani na kikombe kimoja cha chai; uji haukuwapo.

“Karibu,” alisema mama kwa adabu, kama anayempokea mgeni.